Je, Wajua? Njombe na Makambako Zina Kalenda Yao ya Kupanda Miti

Je, wajua kwamba mche unaopandwa Njombe tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, unakabiliwa na miezi mitano ya ukame tangu siku unapotoka kitaluni? Mvua za Nyanda za Juu Kusini ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili au Mei. Juni ikiingia, ardhi imeshaanza kukauka na baridi ndiyo inakaza. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai umande wa mabondeni huganda ukawa sakitu. Kunapokucha, majani ya viazi yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

Siku yenyewe ni njema. Ilizaliwa na mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Stockholm mwaka 1972, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1973. Tatizo ni sisi kuichukua tarehe ya dunia nzima na kuifanya tarehe ya jembe.

Je, wajua kwamba tarehe hiyo hiyo inafaa mno kwa kazi nyingine? Mche wa msindano hukaa kitaluni miezi mitano hadi sita kabla ya kwenda shambani. Kiriba kinachojazwa udongo Juni hutoa mche wa kupandwa Desemba au Januari, mvua zikiwa zimekolea na miezi kadhaa ya unyevu ikiwa bado mbele. Umati unaokusanyika tarehe 5 Juni ukipewa udongo, viriba na mbegu, shule moja inaweza kumaliza siku ikiwa na kitalu kizima. Na ukiwaona wenye vitalu wakichota udongo chini ya misindano mikubwa na kuuchanganya kwenye viriba, usidhani ni ushirikina. Udongo ule una kuvu inayoishi kwenye mizizi ya msindano na kuisaidia kufyonza maji na madini. Msindano usio na kuvu hiyo hudumaa na kuwa wa njano.

Je, wajua kwamba hata Wangari Maathai alianza na hasara? Tarehe 5 Juni 1977, katika Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wenzake walifanya maandamano jijini Nairobi hadi Kamukunji na kupanda miti saba. Iliyobaki hai ni miwili tu. Hakuacha. Vuguvugu la Green Belt lililoanzia pale lilihamishia kazi kwa wanawake wa vijijini, ambao walikuwa wanakaa karibu na miche na kuijua ardhi yao, na malipo madogo waliyopewa yalitolewa kwa miche iliyopona. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mimi naona siri yote ya kazi ile iko kwenye neno hilo moja: iliyopona.

Je, wajua kwamba miche mingi ya sherehe hufa kwa sababu ya nailoni? Itazame kwa makini sherehe ijayo ya kupanda miti. Shimo limechimbwa tangu jana. Mgeni rasmi anashika mche, picha inapigwa, na mche unaingia shimoni pamoja na kiriba chake. Mizizi ikikua inazunguka ndani ya nailoni ile, inajikaba, na kiangazi kikifika hakuna mzizi uliofika chini kwenye unyevu. Kiriba huchanwa kwa wembe na kuvuliwa chote, udongo ukiwa bado umeshikamana na mizizi. Mche husimamishwa wima, udongo mweusi wa juu hutangulia kurudi shimoni, kisha hushindiliwa kwa kisigino pande zote. Halafu shika jani la juu kwa vidole viwili, uvute taratibu. Mche ukija, rudia kazi.

Hesabu nyingine ya nailoni: misindano hupandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, yaani miti kama 450 kwa ekari. Ekari moja ya sherehe huacha viriba 450 vilivyochanwa. Vikiachwa palepale, siku ya mazingira imemwaga taka shambani. Gunia moja la kuvikusanyia linatosha.

Je, wajua kwamba kila halmashauri nchini iliagizwa kupanda miti isiyopungua milioni 1.5 kwa mwaka? Mkoa wa Njombe, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa, una halmashauri sita: Njombe Mji, Njombe Wilaya, Makambako Mji, Wanging'ombe, Makete na Ludewa. Hiyo ni miti milioni 9. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 889,946 mkoani, kwa hiyo ni miti kumi kwa kila mkazi kila mwaka, mtoto mchanga akiwemo. Mkoa huu unaweza, maana watu wake hupanda miti kwa hiari na kwa biashara kuliko karibu sehemu yoyote ya nchi. Lakini taarifa inayosema imepandwa mingapi haijatuambia imesimama mingapi.

Je, wajua kwamba miti mitatu inayotawala vilima vya Njombe ni migeni yote? Msindano unaopandwa kwa wingi asili yake ni Meksiko. Mlingoti na mwati imetoka Australia. Miwati ndiyo iliyoleta kampuni ya TANWAT mwaka 1949, chini ya shirika la maendeleo la Uingereza ya kikoloni, ili magome yake yatoe tanini ya kusindikia ngozi. Katika miaka ya 1990 kampuni hiyo ikajenga mtambo wa umeme wa megawati 2.5 unaoendeshwa kwa kuni. Mwati huongeza naitrojeni ardhini, hutoa mkaa mzuri na hukua haraka. Pia umo kwenye orodha ya viumbe 100 vamizi vibaya zaidi duniani. Sifa zote hizo ni za kweli kwa pamoja, na anayepanda anapaswa kuzijua zote.

Je, wajua kwamba mlingoti mmoja chanzoni unaweza kurudisha nyuma kazi ya siku nzima ya mtaa? Milingoti hunywa maji mengi na mizizi yake huenda mbali kuyatafuta. Wakati mwingine ilipandwa mabondeni makusudi, ili kukausha maeneo yenye tope. Ndiyo maana viongozi wa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini wamekuwa wakiagiza iondolewe kwenye vyanzo vya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au bwawa. Mti wa asili unaofaa kurudishwa huko ni mvengi, ambao wazee wa huku wanaujua kuwa ni mti wa kwenye maji. Mbegu zake hazihifadhiki. Matunda yakiiva, huokotwa na kusiwa mara moja, kwa hiyo kitalu cha mivengi hakisubiri tarehe ya mtu yeyote.

Hapa kuna jambo gumu, na ni afadhali lisemwe wazi. Ndani ya mita 60 hizo mara nyingi kuna vinyungu, bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki baada ya mvua. Vinyungu vimelisha Wabena na Wahehe kwa vizazi: maharage mabichi, mahindi ya kuchoma, mboga wakati ambapo shamba la mlimani limekauka. Mama mwenye kinyungu akiambiwa na kamati ya mazingira aondoke, huku milingoti ya jirani yake mwenye uwezo ikiachwa imesimama chanzoni, kesho hatakuja kupanda mivengi, na hana kosa. Kama mtaa unataka kushika sheria, uanze na milingoti. Kamba ya mita 60 ivutwe mchana, mbele ya wenye mashamba wote, na alama ziwekwe wakiwa wanaona.

Je, wajua kwamba Wabena walikuwa na hifadhi kabla ya sheria yoyote ya misitu? Msitu wa Nyumbanitu, mkoani Njombe, umedumu kwa sababu ni mahali pa tambiko. Haingii mtu ovyo, huingia na wazee. Mti haukatwi. Masimulizi ya wenyeji yanataja mapango ambamo watu walijificha nyakati za vita, na kuku weusi wasiofugwa na mtu. Vijana wanaotembezwa msituni na mzee mmoja anayejua majina ya miti kwa Kibena hujifunza kwa asubuhi moja mambo ambayo bango la kampeni halina nafasi ya kuyabeba. Matembezi ya namna hiyo ni tukio la mazingira lisilohitaji turubai wala spika, na shule zetu za mjini zingeyapanga kila muhula.

Je, wajua kwamba kuna ndege aliyepewa jina la Njombe? Jina lake la kisayansi ni Cisticola njombe. Ni ndege mdogo wa kahawia anayeishi kwenye majani na vichaka vya nyanda za juu, kuanzia huku hadi Malawi na Zambia.

Je, wajua kwamba kuna mahali ambapo kupanda mti ni kuharibu? Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoko Makete na kuingia upande wa Mbeya, ilianzishwa mwaka 2005 ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 413. Ni hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Kuna zaidi ya aina 350 za mimea, kati yake aina 45 za okidi za ardhini, na watu wameiita Bustani ya Mungu. Wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, uwanda wote huchanua. Okidi hizo zinahitaji jua na majani mafupi. Mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayezaliana kwenye nyanda hizi na kisha kuhamia upande wa Ziwa Victoria, naye anahitaji uwanda wa wazi wa kuwindia wadudu. Ukipanda misindano pale, umewafukuza wote wawili. Uwanda wa majani wa nyanda za juu una uhai wake na hunywesha mito yake. Haukungoja miti yetu.

Okidi zina adui mwingine, nao ni jembe dogo. Viazi vyake huchimbwa na kuvushwa hadi Zambia, ambako hupikwa chikanda, chakula kinachopendwa sana. Watafiti walioifuatilia biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria mamilioni ya viazi kwa mwaka. Kukichimbwa kiazi, mmea umekufa.

Je, wajua kwamba Makambako ni jina maarufu kwa wataalamu wa viumbe? Msafiri anaijua kwa njia panda: barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia, barabara ya Njombe na Songea, na stesheni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyokabidhiwa mwaka 1976, ambayo mahandaki yake mengi yako kati ya Mlimba na hapa. Mtaalamu wa wanyama anaijua kwa pengo. Upande wa kaskazini mashariki milima ya Udzungwa inafunga safu ya milima ya Tao la Mashariki inayoanzia Taita nchini Kenya. Upande wa kusini magharibi inaanza Kipengere. Katikati kuna nchi kavu na ya chini kidogo, na vyura, panya na mimea mingi ya misituni ya upande huu haikuwahi kuvuka kwenda upande ule.

Wa tofauti ni kipunji, anayepatikana pande zote mbili. Kima huyu alitambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 kwenye misitu ya Rungwe, ingawa wenyeji walishamjua kwa jina. Muda mfupi baadaye akaonekana pia Ndundulu, Udzungwa. Mwaka 2005 akatangazwa rasmi, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, jenasi mpya ya kwanza ya nyani na kima barani Afrika tangu mwaka 1923. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata vipunji 1,117. Wako pande mbili za pengo, umbali wa kilomita zipatazo 350 kati yao, na hawaonani. Mtoto wa Makambako anayesoma kwamba mji wake ni stendi na soko la nafaka peke yake, anyimwe nini zaidi?

Je, wajua kwamba mfereji wa mtaani kwako unaishia Rufiji? Mvua inayonyesha upande wa Wanging'ombe hushuka kwa Mto Mbarali hadi Ruaha Mkuu, ikapita Mtera na Kidatu. Inayonyesha upande wa Njombe na Lupembe hushuka kwa Ruhuji hadi Kilombero. Mito hiyo miwili hukutana ndani ya Rufiji, juu kidogo ya Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, kisha maji hufika kwenye delta yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki. Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Wiki ya Maji huadhimishwa Machi, mito ikiwa imejaa. Ingekuwa vizuri darasa moja likapelekwa Ruhuji, pale maporomoko yalipo karibu kabisa na mji wa Njombe, mara mbili: Machi na Oktoba. Tofauti wataiona wenyewe.

Je, wajua chanzo cha Jumamosi ya usafi? Rais John Magufuli alifuta gwaride la Uhuru la tarehe 9 Desemba 2015 na kuwataka wananchi siku hiyo wafagie mitaa yao. Baadaye Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ikawa siku ya usafi nchi nzima. Rwanda wana umuganda wao Jumamosi hiyo hiyo. Huku maduka hufunguliwa kazi ikimalizika, na watu huonana, hujuliana hali, hukumbushana michango ya msiba na shule. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 iliipunguzia kazi hiyo uzito sana. Kilichobaki mitaroni sasa ni chupa, vifungashio na maganda. Maganda na mabaki ya mboga ya soko lolote ni mboji, na mboji ndiyo udongo wa kitalu cha Juni.

Je, wajua kwamba msitu wa Njombe huokolewa Juni na kuunguzwa Septemba? Moto kichaa huanza majani yakikauka, hasa wakati wa kuandaa mashamba kuanzia Agosti hadi mvua zinaporudi, na upepo wa Makambako hauulizi mpaka wa shamba. Barabara za moto hufyekwa mapema, majani yakiwa bado mabichi kidogo. Msaragambo wa siku moja wa kufyeka barabara za moto unaokoa miti mingi kuliko sherehe tatu za kupanda. Hauna picha ya kupendeza, na labda ndiyo sababu hualikwi kuhudhuria.

Je, wajua kwamba Mbio za Mwenge wa Uhuru za mwaka 2022 zilizinduliwa Njombe, mwanzoni mwa Aprili? Mwaka uliofuata ujumbe wa Mwenge ukawa ni mazingira na vyanzo vya maji. Tarehe 1 Aprili yenyewe ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Kwa Njombe mche wa Aprili unapata wiki chache za mvua, na wa Januari unapata miezi.

Je, wajua kwamba baridi inaua kwa njia ya mkaa? Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku, mlango umefungwa, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na waliolala hawaamki. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania. Hadi ufike kwako, jiko lilale nje.

Je, wajua ni mti gani hauhitaji kampeni? Parachichi. Mche wa Hass uliobebeshwa huanza kuzaa ukiwa na miaka kama mitatu, na mwenye nao huupalilia, huuwekea samadi, huuzungushia uzio mbuzi wasiuguse. Mianzi ya ulanzi ni hivyo hivyo: mgemaji huenda asubuhi na jioni kukata ncha ya mwanzi na kutazama mbeta yake, hivyo mwanzi ukiugua anajua siku hiyo hiyo. Mti wenye mwenyewe hupona. Miti ya mtaa ipewe wenyewe kwa majina: huu wa darasa la tano, ule wa kikundi cha bodaboda, ule wa kwaya.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za mazingira za mitaa ya Njombe na Makambako: mkitangaza tarehe ya kupanda, tangazeni na tarehe ya kuhesabu. Jumamosi ya mwisho ya Oktoba inafaa, kwa kuwa mche uliovuka kiangazi unaonekana, na uliokufa bado una muda wa kurudishiwa mvua za Desemba zikija. Piteni na daftari, mche kwa mche, na idadi ya iliyopona ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, karibu na ile iliyopandwa.